Skrini Pana ya Tumwagile

Kilosa mjini walijua kwamba Tumwagile Lupakisyo hasahau uso. Ungeingia studioni kwake kupiga picha ya pasipoti, ukapotelea zako Dar miaka minane, ukarudi na ndevu na kitambi, naye angekuambia: "Wewe ulikuja na shati la bluu. Picha ya kwanza ulifumba macho, tukarudia." Watu walicheka. Wachache hawakufurahi, hasa wale waliokuwa na sababu zao za kutopenda kukumbukwa.

Alizaliwa Kimamba, kwenye kambi ya wakata mkonge. Baba yake, mzee Lupakisyo, alitoka Tukuyu kijana, akiwa na mkataba wa miaka miwili na nia ya kurudi na baiskeli. Akazikwa hukohuko Kimamba. Shamba lilipozorota, zikaja zile nyakati za ruksa ya kufanya biashara, kila mtu wa kambi akajitafutia lake: huyu analima mahindi, yule ana genge la nyanya, mwingine anauza makoti ya mtumba kwenye joto la Kilosa na anapata wanunuzi. Tumwagile alinunua kamera aina ya Yashica kwa mwalimu aliyehamishwa, akaanza kupiga picha watoto wa kipaimara. Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 2008, alikuwa na chumba chenye pazia la maua, kiti kirefu cha kuzunguka, kamera ya dijitali na kompyuta. Kilosa hapakuwa na mashine ya kusafishia picha za rangi, kwa hiyo alizirekebisha kwenye kompyuta, akaziandika kwenye sidii, sidii ikapanda basi la Morogoro, na baada ya siku mbili bahasha ikarudi.

Mambo yalikwenda hivyo, vizuri tu, mpaka aliponunua skrini mpya.

Mpya kwake, maana ilikuwa ya mtumba kama kila kitu ndani ya chumba kile isipokuwa pazia. Ile ya zamani, ya chogo, nzito kama gunia la mahindi mabichi, iliungua wakati wa mvua. Akapanda basi hadi Dar, akarudi na skrini bapa, pana, inayopendeza hata ikiwa imezimwa. Lea, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuja kuitazama, akasema, "Shoga, sasa wewe ni wa kimataifa." Na mgema akisifiwa, jamani, tembo hulitia maji.

Kazi ya kwanza kwenye skrini hiyo ilikuwa harusi ya Mikumi. Bibi harusi aliitwa Kishiwa, binti wa mzee Ngolo, Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka Maswa miaka kumi na mmoja nyuma akatua karibu na Ulaya, kijiji cha njia ya Mikumi. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mashavu ya kutosha na kicheko kilichomtoka hata mbele ya mchungaji. Tumwagile alipiga picha mia mbili na kumi. Mzee Ngolo alimfuata pembeni ya ukumbi, mikono nyuma.

"Mama, hizi picha si zetu. Ni za mama yangu, yuko Maswa, hawezi safari tena. Huyu mjukuu alimwona mwisho ana miaka tisa na leo anaolewa. Mdogo wangu Shimba atampelekea, anaondoka Alhamisi ya wiki ya pili."

"Zitakuwa tayari, mzee wangu. Na atamwona kama amekaa naye mkekani."

Ahadi hiyo aliitoa kwa moyo mweupe.

Jumatatu alikaa mbele ya skrini yake, akafungua picha ya kwanza, akaona kitu ambacho hakikumpendeza. Kishiwa alikuwa mnene. Siyo unene wa kuolewa vizuri. Uso ulikuwa umepanuka kama umekaliwa. Akafungua nyingine. Mchungaji mnene. Bwana harusi, kijana mwembamba kama ufito, naye mnene. Tumwagile akavua miwani ambayo hakuwa nayo, yaani akapikicha macho, na moyo ukamshuka.

Maana alikuwa na siri. Tangu mwaka jana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ujumbe wa simu aliusoma mkono umenyooka mbele, na mtu akiingia aliuficha haraka. Arobaini na tatu, na mpiga picha asiye na macho ni nani? Alijua jibu: ni mama wa kwenda kijijini Mvumi kulima na dada yake. Hakumwambia mtu, hata Lea. Basi alipowaona watu wote wamepanuka, alijiambia kamera imeharibika au macho yameanza kwenda, na kwa vyovyote dawa ni moja. Yeye anaijua sura ya Kishiwa. Ataileta picha mpaka ifanane na anayoijua.

Akaibana picha kwa pembeni, kidogo, kidogo tena, mpaka msichana yule wa Mikumi akatokea na urefu wake na mashavu yake. Akapumua. Akazibana zote mia mbili na kumi kwa kipimo kilekile, akatoa sidii, Jumanne ikapanda basi.

Bahasha ilirudi Alhamisi magharibi, naye hakuifungua. Hapa ndipo ninapotaka kumsema kidogo, maana miaka yote aliifungua kwanza, akapanga picha moja moja mezani. Siku hiyo aliiweka kabatini akasema, nimeshaziona kwenye skrini, tena kubwa. Huo ndio ukimataifa.

Ijumaa asubuhi mzee Ngolo aliingia na Shimba.

"Shikamoo mzee. Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Tumekuja kuonja kabla ya kula."

Tumwagile akampa bahasha. Mzee akatoa picha ya juu, akaiangalia. Akatoa ya pili. Akampa Shimba, na Shimba akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Huyu anaumwa nini?" Shimba aliuliza.

Tumwagile alichukua picha. Kishiwa alikuwa amekonda. Shingo imetoka, mashavu yameingia, vidole vilivyoshika maua vilikuwa virefu na vyembamba kama vijiti. Ndani ya gauni jeupe alisimama mgonjwa anayejikaza kutabasamu.

Mzee Ngolo alikaa kwenye benchi la wateja. Alipoongea hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mama, nikwambie. Mama yangu alimuuguza dada yangu, Marciana. Miaka miwili alimuuguza kwa ule ugonjwa. Alimwogesha mwenyewe, alimbeba mwenyewe, maana mwishoni alikuwa mwepesi kama ndama wa njaa. Alikuwa na sura hii hapa. Hii hii. Nikimpelekea mama hizi, atajua anaanza tena kuuguza. Mimi nitamwambia ni picha tu, na yeye atasema hata kwa Marciana mlisema ni malaria tu."

Alizirudisha picha ndani ya bahasha, akaiacha kwenye benchi.

"Shimba anaondoka Alhamisi," mzee akasema, akisimama. "Kama hazijakaa sawa, ataondoka mikono mitupu. Afadhali mama asione kabisa."

Walipotoka Tumwagile alifunga mlango na kulia. Alilia kwa ajili ya yule bibi wa Maswa asiyemjua, akalia na kwa ajili yake mwenyewe, na sioni aibu kusema kwamba sehemu ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Jumamosi alifungua studio kwa mazoea tu. Aliwasha kompyuta, akaitoa picha ya Kishiwa akiwa amesimama chini ya saa ya ukumbini, akaiweka ile ya karatasi pembeni yake. Picha moja, faili moja. Kwenye skrini Kishiwa mzima, kwenye karatasi Kishiwa mgonjwa. Akaangalia huku, akaangalia huku. Macho yanayokufa, alijiuliza, yanakufaje kwa kuangalia kulia na kupona kwa kuangalia kushoto?

Kisha akaiona saa. Saa ya ukutani ni duara, hata kipofu anajua. Kwenye skrini ilikuwa duara. Kwenye karatasi ilikuwa yai lililosimama.

Akatoka mbio hadi kwa Lea. "Niazime futi yako ya kamba."

"Unashona lini wewe?"

"Nipe tu, shoga, nitakwambia."

Alipima saa ya kwenye skrini: sentimita tano kwenda juu, tano kwenda pembeni. Akapima ya kwenye karatasi: tatu kwenda juu, mbili na nusu kwenda pembeni. Lea, ambaye hakuweza kukaa mbali na futi yake, alisimama nyuma akitazama. Tumwagile akafungua sasa picha yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla hajaigusa. Alikuwa nayo, tangu enzi za mkanda hakuwahi kutupa negativu, na dijitali haikumbadilisha tabia. Saa ya picha hiyo kwenye skrini: tano juu, sita pembeni. Yai lililolala.

"Mbona hii skrini inavuta vitu?" Lea akasema. "Kama kitambaa cha jezi."

Tumwagile aliketi. Futi ile haikuwa na umri wala haikuwa na macho ya kuzeeka, na ilisema anachosema yeye: watu walikuwa wamepanuka kweli. Ila hawakupanuka harusini. Walipanuka ndani ya nyumba yake, juu ya kile kioo alichokipenda.

Jumatatu alipanda basi la Mikumi, kompyuta ndani ya boksi, skrini imefungwa kwa kitenge mapajani, vumbi la njia ya Ulaya likiwapaka wote rangi moja. Fundi Oswald alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba za wageni za barabara kuu. Alianza kwa kutengeneza redio za madereva wa malori, sasa alihudumia kompyuta za mapokezi. Alimsikiliza hadi mwisho, na hiyo ni sifa adimu kwa fundi. Kisha akaunganisha nyaya, akazungusha kompyuta kumwonesha mgongoni.

"Mama, unaona waya wa skrini umechomekwa wapi? Hapa juu, karibu na pa kuchomeka kibodi. Maana yake mashine yako haina kadi ya picha ya peke yake. Picha inatengenezwa na mazabodi yenyewe, lile bamba kuu la ndani."

"Na mazabodi ni mbovu?"

"Si mbovu. Ina mipaka yake." Akafungua orodha ya ukubwa wa picha, akashuka nayo kwa kidole. "Hizi ndizo saizi inazozijua. Mia nane kwa mia sita. Elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, hiyo ndiyo uliyoiweka. Ya mwisho hii hapa, kubwa kidogo, nayo ni ya skrini za mraba. Sasa skrini yako inataka elfu moja mia sita themanini kwa elfu moja hamsini. Unaiona humu?"

Tumwagile aliisogelea orodha, akarudi nyuma, akanyoosha shingo. "Haimo."

"Haimo. Hii mazabodi imetengenezwa skrini zote zikiwa na chogo. Ni kama fundi nguo mwenye vipimo vya watu wafupi tu. Mteja mrefu akija, anampa nguo fupi, na huyu skrini yako, badala ya kukataa, anaivuta nguo mpaka ijae mwili. Anaivuta kwa upana tu. Ndo maana wananenepa."

Alijaribu ile saizi ya mwisho. Wakanenepa zaidi. Alibonyeza vitufe vya skrini akitafuta pa kuiambia isivute, hapakuwa na hicho kipengele. Aliweka programu nyingine ya kuendeshea picha, mpya kuliko ile ya zamani. Orodha ikabaki vilevile. Tumwagile alifuatilia kila tendo la mikono yake. Kila alichoshindwa Oswald kilimpa nguvu, kitu ambacho hakukielewa mpaka baadaye. Kitu chenye mpaka unaojulikana hakitishi kama kitu kinachokufa taratibu usijue lini.

"Kuna tundu la kadi humu," Oswald alisema akichungulia kwa tochi. "Nitaagiza kadi ya picha Dar, ya aina ya zamani, inapatikana. Ikifika, picha haitatoka tena kwenye mazabodi, na orodha itakuwa ndefu. Ila si kabla ya wiki mbili."

"Mimi nina siku tatu."

"Basi usiiamini skrini. Tuma picha kama zilivyotoka kwenye kamera."

Kisha akageuka, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Ulizibana kwa kiasi gani?"

"Sijui kiasi. Nilibana mpaka akafanana."

Oswald alifungua faili lililobanwa, akaliweka karibu na la asili, akachukua kalamu na kuandika kwenye kiganja. Akaandika tena. Akamwangalia yule mama mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Skrini inavuta tano kuwa sita. Wewe umerudisha sita kuwa tano. Siyo karibu na tano, mama. Tano yenyewe. Bila rula! Mimi hapa natumia kikokotoo."

"Unasema nini?"

"Nasema macho yako yaligundua uongo wa mashine na kuusahihisha mpaka mwisho. Shida ni kwamba uongo haukuwamo kwenye picha." Akacheka. "Ila orodha ulishindwa kuisoma, nimekuona. Nunua miwani ya kusomea, hapo sokoni zipo. Hayo ni mambo ya umri. Sura unaziona kuliko mtu yeyote ninayemjua."

Tumwagile alicheka mpaka akashika meza. Miezi yote ile ya kuficha simu, miezi ya kujizika akiwa hai shambani Mvumi, na tatizo lilikuwa miwani ya sokoni na mazabodi iliyozaliwa kabla ya skrini yake. Alinunua miwani kabla ya kupanda basi, akasoma tiketi yake yote, hata yale masharti ya nyuma yasiyosomwa na mtu.

Jumanne ilikuwa ngumu hata hivyo. Kujua ni kitu kimoja, na kubonyeza ni kingine. Alikaa mbele ya Kishiwa mnene, mchungaji mnene, bwana harusi aliyevimba, na kila kiungo chake kilimwambia: rekebisha. Alipima saa ya ukumbini: sita kwa tano, kama inavyotakiwa kudanganya. Alipima sahani, alipima gurudumu la gari la maharusi, sita kwa tano, sita kwa tano. Akaongeza mwanga kidogo kwenye picha zilizopigwa dirishani, basi, hakugusa kingine. Akazipeleka barabarani zikiwa mbaya machoni pake, akamwomba kondakta amwambie mwenye mashine Morogoro kwamba huyu ni Tumwagile na anaomba zirudi kesho.

Zilirudi Jumatano na basi la mwisho. Safari hii alizifungua palepale stendi, na abiria wakimpita huku na huku. Alipoiona ya kwanza alisema "Asante Yesu" kwa sauti iliyomgeuza muuza karanga.

Alhamisi asubuhi mapema wazee walikuja, Shimba na begi lake la safari. Walisalimiana kwa ufupi. Mzee Ngolo alichukua albamu bila kukaa, akaifungua kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kishiwa alikuwemo, na urefu wake. Mashavu yake yalikuwemo. Kwenye ukurasa wa tatu alikuwa anacheka mbele ya mchungaji, meno yote nje, na ilikuwa vigumu kumwangalia bila kucheka naye. Mzee alifunua kurasa zote, taratibu, akarudi ukurasa wa tatu.

"Niliwakosea, wazee wangu," Tumwagile alisema. "Skrini ilinidanganya, lakini bahasha sikuifungua kabla yenu, na hilo ni kosa langu mimi. Naomba mnisamehe."

Mzee Ngolo alizifunga kurasa. Alimpa Shimba albamu, akamwambia aifunge vizuri kwenye nguo isikunjwe. Shimba akaitia begini, akatazama saa yake, maana basi la Morogoro halimsubiri mtu.

Mzee naye akavua kofia. Akaenda mwenyewe nyuma ya pazia la maua, akapanda kwenye kile kiti cha kuzunguka, mtu ambaye siku ya harusi ya bintiye alikwepa kila picha kwa kusimama nyuma ya nguzo. Tumwagile aliziona zile nguzo zote kichwani mwake. Alishamtafuta kwenye picha mia mbili na kumi, na hakuwemo hata katika moja.

"Nipige na mimi," alisema. "Shimba atasafiri na basi la sasa hivi, hiyo picha itamfuata. Mama hajaniona mwaka wa kumi na mmoja."

Alikuwa mzee mkavu, mifupa ya uso imetokeza, ndevu nyeupe zimeota bila mpango. Tumwagile alisogeza taa. Akanyanyua kamera.

"Nimekonda kweli, mama, najijua," mzee Ngolo akasema, mikono juu ya magoti. "Ni jua na kutembea na ng'ombe, siumwi. Usininenepeshe, usinikondeshe. Nipige nilivyo, mama yangu aone ni mimi."